Swali la lugha: bendi "iligeuka", "ilibadilika" au "ilikuja ikawa" ya hevi metali?

Swali limetoka kwa kijana mmoja wa Nairobi anayeandika makala fupi fupi za muziki, na kaniwekea sentensi yenyewe niione. Kaandika hivi: "Black Sabbath ilikuwa bendi ya bluzi ambayo sauti yake taratibu ilibadilika ndani ya hevi metali, na Tony Iommi alicheza gitaa zito sana." Rafiki yake mmoja kamwambia aseme "iligeuka", mwingine kamwambia aandike tu "ilievolvu" watu wataelewa, sasa yeye anauliza ipi ndo Kiswahili (hevi metali ni ile roki ya gitaa zito na makelele), halafu anauliza pia bendi ni "ilianza" au "walianza".

Mdogo wangu, nalipenda hili swali manake kila wiki nasoma makala za muziki ambazo habari iko sawa kabisa ila kitenzi kinaiharibu. Hiyo "ilievolvu" iache, haina inachokupa ambacho huna tayari.

Tuanze na "ndani ya". Kitu kikiwa ndani ya kingine kimeingia humo, maji ndani ya mtungi, watu ndani ya basi. Mabadiliko hayaingii ndani ya kitu. Kitu kinabadilika kuwa, au kinabadilika kikawa, basi, na ukitaka kuonyesha mtu kasogea kwenye mtindo mwingine sema kaingia kwenye hevi metali au kahamia kwenye hevi metali, hapo "kwenye" inatosha.

Sasa kugeuka. Kugeuka ni tendo la mara moja na linaonekana kwa macho, mtu anageuka anakutazama, gari linageuka, kwenye hadithi za bibi mtu anageuka chatu, na mtu mpole akipandisha hasira tunasema kageuka mbogo. Hakuna kidogo kidogo hapo. Kwa hiyo rafiki yako hajakosea neno, kakosea bendi. "Iligeuka" ingewakaa vizuri Deep Purple, bendi nyingine ya Uingereza. Hawa jamaa Septemba 1969 walikuwa Royal Albert Hall, London, wanapiga pamoja na okestra ya Royal Philharmonic, violini na tarumbeta zote, halafu Juni 1970 wakaachia albamu ya In Rock ambayo ni makelele matupu kwa maana nzuri, Ian Gillan anapiga mayowe, Jon Lord kinanda chake cha Hammond kakipitisha kwenye amplifaya za Marshall mpaka kinakwaruza kama gitaa. Haijafika hata mwaka! Mwimbaji mpya na mpiga besi mpya walikuwa wameingia hiyo hiyo 1969, ndo ikawa vile. Ukiandika "Deep Purple iligeuka" nakupigia makofi.

Kubadilika ni neno pana zaidi, linasema tu kitu hakiko kama kilivyokuwa, halikwambii ni kwa usiku mmoja au kwa miaka kumi, na ndo sababu ukaona ulisaidie kwa kuweka "taratibu". Si kosa, lakini angalia, "taratibu" kwa wengi wetu ni upole pia, dereva anaambiwa endesha taratibu, mtoto anaambiwa shuka taratibu, na ukiiweka kabla ya kitenzi kama ulivyofanya inasikika kigeni, kielezi chetu kinapenda kukaa nyuma ya kitenzi. Sema "ilibadilika kidogo kidogo", au kama unaongea na vijana wenzako "mdogo mdogo".

Lakini mimi nisingetegemea kielezi. Kiswahili kina vitenzi vinavyobeba mwendo wa polepole vyenyewe, na hapa ndo utajiri uko. Kuna "zidi": muziki wao ukazidi kuwa mzito. Kuna "enda" pamoja na -ki-: muziki ukaenda ukiongezeka uzito albamu baada ya albamu. Na kuna kimoja ninachokipenda kuliko vyote ambacho waandishi wa muziki wamekisahau, "kukolea". Chai inakolea majani, rangi inakolea kwenye kitambaa, hakuna dakika unayoweza kuonyesha kidole ukasema hapa ndo imekolea, ila ukitazama mwanzo na mwisho ni vitu viwili tofauti.

Watazame bendi ya Judas Priest uone kinavyofanya kazi. Rocka Rolla ya 1974 bado ina bluzi na roki ya zama zile, Sad Wings of Destiny ya 1976 gitaa mbili za K.K. Downing na Glenn Tipton zimeanza kusemezana kwa ukali, Stained Class ya 1978 kasi imepanda na bluzi karibu yote imeshapukutika, halafu 1980 ndo British Steel, nyimbo fupi, zimekazwa, hevi metali tupu. Bendi ile ile, mwimbaji Halford yule yule. Sasa ukisema iligeuka utaulizwa lini, na huna jibu. Sema "roki yao ilizidi kukolea mpaka 1980 ikawa hevi metali tupu". Hiyo "mpaka ... ikawa" inamaliza safari vizuri, msomaji anajua ilikotoka na ilikofika.

Halafu kuna hili la "sauti", na kwa kweli hapa ndo ningekukata alama. Sauti kwetu kwanza ni ile inayotoka kooni. Ukiniambia sauti ya Judas Priest ilikuja ikawa nzito, mimi kichwani napata picha ya mtu anayeimba kwa koo la chini, besi ile ya wazee kwenye kwaya, wakati Rob Halford anajulikana dunia nzima kwa kupanda juu kabisa na kupiga ukelele mwembamba! Hata Ozzy, mwimbaji wa Black Sabbath, hakuwa na sauti nzito. Kilichokuwa kizito ni muziki, ni mlio wa gitaa, ni mdundo. Kwa hiyo andika "muziki wao", au "upigaji wao", au "mlio wa gitaa", kutegemea unazungumzia nini hasa, na "sauti" mwachie mwimbaji. Na kwa kuwa tumegusa uzito, usije ukatafsiri hevi metali kuwa "metali nzito" maana hiyo inatumika kwenye sayansi, ni zebaki na risasi, madude yanayochafua mito. Hevi metali iache hivyo hivyo, imeshakuwa jina.

"Alicheza gitaa" ndo usiirudie kabisa. Anayecheza muziki yuko katikati ya ukumbi anayumbisha kiuno. Gitaa linapigwa, na likipigwa vizuri linacharazwa, waulize wapenzi wa dansi watakwambia fulani anacharaza solo, fulani yuko kwenye rizimu, fulani anakung'uta besi. Maneno tunayo tangu zamani na yanawafaa Waingereza wa Birmingham vile vile yanavyowafaa wapigaji wetu.

Tuje kwa Iommi mwenyewe sasa, maana sentensi yako imempita haraka na yeye ndo mfano bora wa kitenzi ninachotaka kukupa. Akiwa na miaka 17 alikuwa kibarua kwenye kiwanda cha mabati, na siku ambayo ilikuwa iwe ya mwisho kazini mashine ikamkata ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia, na yeye anapiga kwa shoto, yaani ule mkono wa kulia ndo wa kubania nyuzi. Akayeyusha chupa ya plastiki ya sabuni ya vyombo, akatengeneza vikofia vya kuvalisha vidole, juu yake akabandika ngozi vishike nyuzi. Nyuzi za kawaida zikawa zinamuumiza, akatafuta nyembamba, akatumia hata za banjo. Baadaye, kwenye albamu ya Master of Reality ya 1971, akazilegeza kabisa akashusha tuni, zikawa rahisi kubana na mlio ukashuka chini, mnene, unanguruma.

Ona hizo -ka- zinavyofuatana. Ikamkata, akayeyusha, akatengeneza, akatafuta, akazilegeza, mlio ukashuka. Moja inazaa nyingine, hakuna hata "taratibu" moja na bado umeiona ile polepole. Kumbuka tu -ka- haitaki kuanza yenyewe, mtangulizie -li- ndo iingie: "alikuwa kibarua ... mashine ikamkata". Na ukishaianza mfululizo usirukie -li- tena katikati bila sababu, maana -li- mpya inamwambia msomaji hiki ni kisa kingine.

Na kitenzi chenyewe nilichosema ni "kuja": ilikuja ikawa, wakaja wakawa. Kinafaa pale ambapo wahusika wenyewe hawakupanga kufika walipofika. Sabbath hawakuhamia kwenye hevi metali, maana kuhamia ni kuhamia kwenye nyumba iliyokwisha jengwa, na wao 1968 walikuwa vijana wa Aston, mtaa wa Birmingham, wanapiga bluzi kwa jina la Polka Tulk Blues Band, wakajiita Earth, 1969 wakabadili tena jina wakawa Black Sabbath, Februari 1970 wakatoa albamu ya kwanza ambayo bluzi imo bado, harmonika ya Ozzy inasikika kabisa, lakini gitaa limeshakuwa kitu kingine. Waliokuja nyuma ndo walihamia, walikuta njia.

Kwa hiyo mimi ningeiandika hivi: "Black Sabbath ilianza kama bendi ya bluzi, muziki wake ukazidi kuwa mzito mpaka ukaja ukawa hevi metali, na mlio ule mzito ulitoka kwenye gitaa la Tony Iommi." Ni ndefu kidogo kuliko yako, sawa, lakini kila neno lina kazi.

Limebaki la bendi. "Bendi" ikiwepo kwenye sentensi ifuate ngeli yake, bendi ilianza, bendi zilianza. Jina likisimama peke yake una ruhusa zote mbili, kama tunavyosema Yanga imeshinda na Yanga wameshinda, mtu hashangai, ila "walianza" inakufanya uwaone watu wanne na "ilianza" inakufanya uione bendi kama kitu kimoja. Chagua moja ubaki nayo hadi nukta, manake nimeona watu wanaandika "Sabbath ilianza 1968 wakatoa albamu yake", hapo ndo msomaji anajikwaa.