Simu Mpya, Macho Yanauma: Maswali ya Wasomaji

Nilikuwa na simu ya kioo cha LCD kwa miaka minne, sasa nimenunua yenye AMOLED. Mchana sina tatizo. Usiku nikizima taa ya chumba na kushusha mwangaza wa simu hadi chini kabisa, hazipiti dakika kumi kichwa kinaanza kugonga na macho yanauma. Si ndiyo nimepunguza mwanga? Nakosea wapi?
*Karani, Tanga*

Hujakosea, ila kioo chako hakipunguzi mwanga kwa njia unayoidhani. Kwenye LCD kuna taa nyuma ya kioo kizima. Kwenye AMOLED kila pikseli (nukta ndogo ya picha) ni taa yenyewe, na vioo vingi vya aina hii vikishushwa mwangaza huwasha na kuzima taa hizo haraka sana: mara 240 kwa sekunde kwenye simu nyingi, nyingine mara 480, na chache zilizotengenezwa kwa kulifikiria jambo hili hufika mara 3,840. Kwa mara 240, mzunguko mmoja ni kama milisekunde 4. Mwangaza ukiwa juu, taa huwaka karibu muda wote huo. Ukiushusha chini kabisa, inawaka kidogo tu na muda uliobaki ni giza. Jicho linajumlisha na kukuonyesha mwanga hafifu uliotulia, kumbe kioo kinapepesa. Watu wengi hawasikii chochote. Wachache huumwa kichwa, na hao ndio huumia zaidi pale wanapodhani wamejihurumia.

Usibadilishe kitu kabla ya kupima. Azima simu ya pili yenye kamera ya hali ya Pro, weka kasi ya shata (muda ambao kamera inapokea mwanga) iwe 1/1000 ya sekunde au kasi zaidi, kisha elekeza kwenye ukurasa mweupe wa simu yako ikiwa na mwangaza wa asilimia 20. Ukiona mistari mipana myeusi inayokikata kioo, ndiyo huko kupepesa. Panda hadi asilimia 80 uangalie tena: kwa kawaida mistari inakuwa myembamba. Huna kamera ya namna hiyo? Kaa gizani, fungua ukurasa mweupe, pepea kalamu mbele ya kioo kwa haraka. Kalamu ikionekana kama meno ya kitana, moja moja zilizoachana, kioo kinapepesa. Ikiwa ni ukungu mmoja laini, hakipepesi, au kinapepesa kwa kasi isiyo na shida kwako.

Dawa yake ni kuacha taa iwe juu na kuifanya picha yenyewe iwe nyeusi. Zima kwanza “Adaptive brightness”, maana ikibaki imewashwa itashusha taa nyuma ya mgongo wako. Pandisha mwangaza hadi asilimia 60 au 70. Kisha ingia Settings, Accessibility, utafute “Extra dim”. Ipo kuanzia Android 12, na kwenye Samsung imewekwa ndani ya kundi la mambo ya kuona. (Menyu tunazitaja kwa Kiingereza kwa sababu simu nyingi huku zimeachwa hivyo.) Anza na nguvu ya nusu, ongeza kidogo kidogo mpaka macho yatulie. Washa pia swichi ya kuiacha iendelee simu ikizimwa na kuwashwa, na uvute kitufe chake kwenye paneli ya juu ili usiingie menyu kila siku. Halafu rudia kipimo cha kamera. Kama mistari bado ni mipana, mwangaza wa taa haujapanda vya kutosha.

Gharama yake ipo. Rangi zinabanwa kwenye ngazi chache, kwa hiyo filamu yenye matukio ya usiku inageuka bonge la weusi. Ukitoka nje kwenye jua na Extra dim imewashwa hutaona kitu, na mtu anaweza kudhani kioo kimekufa. Betri haiumii sana, kwa kuwa kwenye AMOLED pikseli iliyofifishwa inakula umeme kidogo. Kwenye LCD ni hasara tupu: taa ya nyuma inaendelea kuwaka vilevile, wewe unaizuia tu.

Wenye iPhone: Settings, Accessibility, Display & Text Size, washa “Reduce White Point”. Swichi ya kuzima Auto-Brightness iko ukurasa huohuo, chini kabisa. Ukiiweka kwenye Accessibility Shortcut, unabonyeza kitufe cha pembeni mara tatu inawaka au inazimika. Baadhi ya simu za Xiaomi na OnePlus zina swichi yao ya kuzuia kupepesa ndani ya menyu ya kioo. Ijaribu kwanza, ingawa kwenye mwangaza wa chini inaweza kuleta mabaka au rangi isiyo sawa.

Nilipakua programu ya kutia giza kioo. Tangu hapo nikitaka kusakinisha programu nyingine, kitufe cha Install hakibonyezeki. Simu imepata virusi?
*Mwanafunzi, Morogoro*

Hapana. Programu hiyo inatandika pazia jeusi juu ya kila kitu, na Android hukataa miguso inayopita kwenye pazia la programu nyingine pale panapohusu usakinishaji na ruhusa, kwa sababu matapeli hutumia njia hiyohiyo kukubonyezesha usichokiona. Zima pazia, sakinisha, washa tena. Bora zaidi iondoe kabisa utumie Extra dim, ambayo iko ndani ya mfumo na haizuii mguso. Namna ya kuzitofautisha: piga picha ya skrini. Picha ikitoka na giza, ni pazia. Ikitoka angavu, kazi inafanyika chini zaidi, mahali pazuri.

Simu yangu ni Android 13 lakini sioni Extra dim popote. Nina kompyuta na kebo. Naweza kuiwasha kwa amri?
*Fundi umeme, Kisumu*

Mara nyingine mtengenezaji ameificha menyu tu, kitu chenyewe kipo. Pakua “platform-tools”, kifurushi chenye adb, programu ya kuiamuru simu kutoka kompyuta, kwenye tovuti ya Android ya Google, uifungue kwenye folda. Kwenye simu nenda About phone, gonga Build number mara saba, kisha ndani ya Developer options washa USB debugging, yaani ruhusa ya kompyuta kuiamuru simu kwa kebo. Chomeka kebo, fungua dirisha la amri ndani ya folda ile, andika:

adb devices

Orodha ikiwa tupu, mara nyingi kosa ni kebo ya kuchajia tu, isiyo na nyaya za data. Ikiandika “unauthorized”, tazama kioo cha simu: kuna swali linasubiri ukubali. Baada ya hapo:

adb shell settings put secure reduce_bright_colors_activated 1
adb shell settings put secure reduce_bright_colors_level 50

Hiyo 50 ni nguvu ya giza, kati ya 0 na 100. Usianze na 100 ukiwa chumba chenye giza. Kurudisha, weka 0 badala ya 1 kwenye amri ya kwanza. Kwenye Xiaomi amri inaweza kugoma ikilalamika juu ya WRITE_SECURE_SETTINGS. Hapo kuna swichi ya pili ya USB debugging yenye maneno “Security settings”, nayo lazima iwashwe. Kama amri zote zimepita bila kosa na kioo hakikubadilika, mtengenezaji ameiondoa kabisa na hakuna amri itakayoirudisha.

Ukiwa hapohapo, angalia na maandishi:

adb shell settings put system font_scale 1.2

Hii inakuza herufi kwa asilimia 20. Ukimaliza, zima USB debugging. Usiiache wazi kwenye simu unayochajia vibanda vya watu.

Nina miaka 61, mwalimu mstaafu. Nimeuziwa miwani ya kuzuia mwanga wa bluu na mjukuu ameifanya simu kuwa ya njano. Macho bado yanachoka nikisoma ujumbe. Nifanye nini zaidi?
*Bibi, Zanzibar*

Shikamoo bibi. Hiyo rangi ya njano mjukuu aiache kama inakupendeza usiku. Wengi huiona ni laini. Ila tusiipe kazi isiyo yake. Mapitio ya tafiti yaliyotolewa na Cochrane mwaka 2023 yaliona kwamba lenzi za kuchuja bluu huenda hazipunguzi uchovu wa macho ukilinganisha na lenzi za kawaida, kwa kipindi kifupi kilichopimwa. Pesa hizo zingefaa zaidi kwenye kupimwa upya.

Miwani ya kusomea hubadilika namba kadiri umri unavyosogea, na miwani iliyopimwa kwa kitabu cha mapajani huenda isikae sawa na simu unayoishika karibu na uso. Ukienda kupima, nenda na simu yako, umwonyeshe mpimaji unaishika umbali gani.

Kwenye simu, mjukuu akuze herufi mpaka uzisome ukiwa umeishika kama sentimita 40, na awashe “Bold text”. Na kama ameweka mandhari meusi yenye maandishi meupe, ajaribu kuiondoa. Kwenye giza mboni hupanuka, na jicho lenye astigmatizimu (uso wake haujapinda sawasawa) huona herufi nyeupe zikiwa na ukungu pembeni; maandishi meusi juu ya weupe uliofifishwa huwa makali zaidi. Jingine ni kupepesa macho, tena haya ya kwako, si ya kioo. Mtu akikodolea kioo hupepesa mara chache kuliko kawaida, macho yanakauka, yanawasha. Kila dakika 20 tazama kitu kilicho mbali, mita 6 au zaidi, kwa sekunde 20. Macho yakiuma kwa ghafla, yakiona duara za rangi kuzunguka taa, au ukiona vitu viwili viwili, hilo si la simu: nenda hospitali siku hiyohiyo.

Fundi anasema nimpe simu aiflashi, aongeze kasi ya kupepesa kwa kubadilisha kerneli, yaani kiini cha mfumo wa simu. Nimpe?
*Dereva, Dodoma*

Usimpe. Kasi ya kupepesa inaamuliwa na kipande cha kuendesha kioo na maagizo kiliyopewa kiwandani. Kwa modeli chache zipo kerneli zinazotia giza bila kupepesa, lakini kinachofanyika ndani yake ni hesabu ileile ya Extra dim: taa juu, picha chini. Kwa hesabu hiyo hiyo utakuwa umefungua butiloda (kufuli la mfumo unaoiwasha simu), jambo linalofuta kila kitu kwenye simu. Kwenye Samsung, kuweka kerneli isiyo ya kiwandani kunachoma alama ya Knox, mfumo wake wa usalama, na alama hiyo hairudi. Na programu nyingi za benki zitakataa kufunguka. Menyu ya M-Pesa ya *150*00# itaendelea kufanya kazi, kwa sababu yenyewe haipiti kwenye programu, lakini hiyo ni faraja ndogo.

Ikiwa umejaribu Extra dim na kichwa bado kinauma, uza simu hiyo ingali mpya. Tafuta ya LCD. Kwa upande wa iPhone ni XR, 11 au SE. Kabla ya kulipa, shusha mwangaza wa simu hiyo palepale dukani, toa simu yako ya zamani, weka shata 1/1000. Muuzaji atashangaa kidogo, mwache ashangae.