Mtoto wako hana virusi vya UKIMWI, lakini tabia imebadilika: anzia kwenye kinachofichwa

Mleta uzi, pole. Umesema wewe una virusi na unatumia dawa, mwanao wa miaka tisa alipimwa yuko salama, ila tangu baba yake afariki anapiga wenzake shuleni na amerudia kukojoa kitandani.

Mimi nalea watoto wawili wa marehemu kaka yangu hapa Pasua, Moshi. Mkubwa alizaliwa na maambukizi, mdogo hana. Nyumba nzima ilimzunguka mkubwa: kliniki hospitali ya KCMC, dawa saa tatu usiku, yai lake peke yake. Aliyenitoa jasho ni mdogo. Akaanza kudokoa hela, akagoma kula, kila Jumatatu kifua kinamuuma. Vipimo safi. Mshauri nasaha ndiye aliyemkalisha akamsikiliza: mtoto alitaka naye augue, apandishwe daladala ya KCMC, aulizwe ameamkaje. Nilipoanza kwenda naye sokoni Jumamosi, sisi wawili tu, kifua kikapona. Udokozi ulichukua muda zaidi.

Wako nadhani ana hofu. Kazika baba, na kila siku anakuona unameza vidonge kwa kujificha. Ataacha kuwaza kwamba na wewe unakwenda? Shirika la Afya Duniani tangu 2011 linashauri watoto wa umri wa shule waambiwe hali ya mzazi, na walio wadogo zaidi waambiwe kidogo kidogo kulingana na uelewa wao. Anza na kwamba mama ana wadudu kwenye damu, dawa zinawalaza, na ukizimeza kila siku unaishi. Mwambie pia kwamba haambukizwi kwa kula sahani moja na wewe wala kulala nawe kitanda kimoja. Hilo huwa hawaulizi, wanalibeba tu. Kama unaogopa atatangaza mtaani, jina la ugonjwa lisubiri. Mshauri wa CTC yako, yaani kliniki unakochukulia dawa, anaweza kukaa nanyi siku hiyo.

Kukojoa kupimwe kwanza mkojo na sukari. Mwalimu huna wajibu wa kumtajia hali yako. Mwambie mtoto kafiwa, amwangalie kwa jicho hilo. Wanaokushauri fimbo humu ndani, mimi nawapita. Ila akianza kusema anatamani kufa, au akikosa usingizi usiku baada ya usiku, usingoje tarehe ya kliniki: mpeleke hospitali, uulizie na ustawi wa jamii.