Maswali na Majibu: Kutoka Mfupa Hadi Mswada wa Jarida

Barua za safari hii zimetoka pande zote za Ziwa Victoria, na karibu zote zinauliza jambo moja kwa njia tofauti: mtu amekwisha kuchunguza kisukuku kwa miezi mingi, naye sasa anataka kuandika mswada utakaokubaliwa na jarida la paleontolojia. Nimechagua maswali saba. Mengine nimeyajibu kwa urefu kwa sababu ndiyo yanayowaangusha wengi.

Shikamoo, Mwalimu. Ninasoma shahada ya uzamili. Nimeandika utangulizi wa kurasa kumi na mbili kuhusu magego ya kiboko kutoka Bonde la Manonga, lakini msimamizi wangu anasema nimeanzia pasipostahili. Nianzie wapi? (Nyegezi, Mwanza)

Marahaba. Msimamizi wako amesema kweli. Utangulizi huandikwa karibu na mwisho, kwa kuwa hutajua swali lako halisi mpaka meno yenyewe yamekuonyesha yanaweza kujibu nini. Anza na jedwali la vielelezo, ambamo kila jino lina safu yake: namba ya makumbusho, mahali lilipookotwa, tabaka la mwamba, tarehe, na vipimo ulivyovichukua kwa kalipa zaidi ya mara moja. Baada ya jedwali fuata picha, kisha maelezo ya kila jino, kisha mjadala, halafu ndipo urudi kwenye utangulizi. Ikisiri iandikwe mwisho kabisa.

Namba ya makumbusho ndiyo inayohitaji uangalifu kuliko yote. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inavihesabu visukuku kuwa sehemu ya urithi unaolindwa, hivyo mswada wako unapaswa kutaja kibali cha utafiti cha COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia) na kile cha Idara ya Mambo ya Kale, pamoja na makumbusho ambamo vielelezo vimehifadhiwa kwa kudumu. Jarida makini halitapokea kisukuku kilichomo kabatini mwa mtu binafsi. Mswada wangu wa kwanza ulirudishwa na mhariri kabla ya kuwafikia wahakiki kwa sababu vielelezo vitatu nilivitaja kwa namba za shambani tu, zile nilizokuwa nimeziandika kwa kalamu juu ya mfuko. Mhariri alikuwa sahihi, kwani hakuna mtu mwingine duniani ambaye angeweza kuvipata.

Tazama upande wa pili wa ziwa. Fuvu ambalo Mary Leakey alilipata kisiwani Rusinga mwaka 1948 limesajiliwa kama KNM-RU 7290: herufi tatu za kwanza ni za Makumbusho ya Taifa ya Kenya, mbili zinazofuata ni za Rusinga. Kwa miongo mingi fuvu hilo liliitwa Proconsul, mpaka mwaka 2015 watafiti walipoyahamishia masokwe wa Rusinga kwenye jenasi mpya ya Ekembo. Jina lilibadilika na namba ikabaki, na kwa namba hiyo msomaji wa leo anaweza kuifuata kila makala iliyolitaja fuvu lile na kujua kwamba zote zinazungumzia mfupa mmoja.

Mhakiki ameniandikia kwamba nimechanganya sifa bainishi na maelezo. Tofauti yake ni ipi? (Mwalimu wa sekondari, Musoma)

Mwalimu, fikiria mtu wa mwalo anayemweleza mgeni namna ya kumtofautisha sato na sangara. Hatamwambia kwamba wote wana magamba na mapezi. Atamwonyesha kwamba pezi la mgongoni la sato ni moja lisilokatika, ilhali la sangara limegawanyika. Hiyo ndiyo kazi ya sifa bainishi: kutaja yale tu yanayomtenga mnyama wako na jamaa zake wa karibu, na kuwataja jamaa hao kwa majina. Usiandike kwamba gego ni kubwa bila kusema ni kubwa kuliko la spishi gani, na kwa kipimo gani.

Maelezo, kwa upande wake, hayachagui. Ndani yake unaandika kila kinachoonekana, hata cha kawaida, kwa mpangilio usiobadilika, tuseme kutoka mbele kwenda nyuma na kutoka juu kwenda chini, na unasema wazi ni wapi mfupa umevunjika, umepondeka au umejazwa gundi na wafanyakazi wa maabara. Wengi huteleza hapa kwa kuingiza tafsiri. Kuandika kwamba taji la gego ni refu na enameli yake ni nene ni maelezo. Kuandika kwamba mnyama alikula nyasi ni hoja, na mahali pake ni kwenye mjadala, ambako utaitetea.

Mpangilio wa sehemu ya uainishaji unafanana katika majarida mengi: ngazi za uainishaji hadi spishi, holotaipu (kielelezo kimoja kinachobeba jina la spishi), vielelezo vingine, mahali, tabaka na umri, asili ya jina kama jina ni jipya, sifa bainishi, maelezo, kisha ulinganisho. Na usione haya kuandika «sp.» pale usipoweza kuitaja spishi, au «cf.» pale kielelezo kinapofanana na spishi inayojulikana lakini ushahidi haujatosha. Mimi humwamini zaidi mwandishi anayekiri kwamba taya lake limevunjika mno kuweza kupewa jina, kuliko anayetangaza spishi mpya kwa nusu ya jino.

Tuna samaki wa kale ambaye tunaamini ni spishi mpya. Je, tunaruhusiwa kumpa jina la Kisukuma, au ni lazima liwe la Kilatini? (Magu)

Mnaruhusiwa kabisa. Kanuni za Kimataifa za Majina ya Wanyama zinakubali neno la lugha yoyote, mradi liandikwe kwa herufi za Kilatini. Watanzania tuna mifano ya kujivunia. Asilisaurus kongwe, aliyetangazwa mwaka 2010 kutoka mashapo ya Manda, ana «asili» na «kongwe» ndani ya jina lake. Mnyamawamtuka moyowamkia, dinosau wa Mkoa wa Songwe aliyetangazwa mwaka 2019, ameitwa kwa mto Mtuka na kwa pingili za mkia wake zenye umbo la moyo. Hata Ekembo niliyemtaja juu ametokana na neno la Kisuba, lugha ya watu wa Rusinga wenyewe, lenye maana ya sokwe.

Kwa Kisukuma liko jambo moja la kuangalia. Kanuni haziruhusu alama ya king'ong'o wala alama nyingine juu ya herufi, kwa hiyo mkitaka kumwita samaki wenu kwa Ng'wanza, alama hiyo itaondolewa na jina litaanza kwa «ngwanza». Mkiongeza kiambishi cha mahali, lazima kipatane na jinsia ya jina la jenasi: «-ensis» kwa ya kiume na ya kike, «-ense» kwa isiyo na jinsia. Mkimwenzi mtu, jina la mwanamume mmoja kwa kawaida humalizikia «-i», la mwanamke «-ae». Katika aya ya asili ya jina elezeni neno ni la lugha gani na lina maana gani, kwa sababu mhariri wa mbali hatalijua, na wajukuu wenu watafurahi kulikuta limeelezwa sawasawa.

Jina lisikose mambo yanayolipa uhalali. Tangu mwaka 2000 spishi mpya ni lazima iteuliwe waziwazi vielelezo vya aina, yaani vinavyobeba jina lake, na kilicho bora ni holotaipu moja, pamoja na makumbusho inamohifadhiwa. Kama jarida linatoka kwa njia ya kielektroniki tu, kazi hiyo isajiliwe ZooBank, daftari rasmi la mtandaoni la majina ya wanyama, kabla ya kuchapishwa, na ushahidi wa usajili uonekane ndani ya makala yenyewe. Nimeona majina mazuri yakibaki bila uhalali kwa kukosa mstari huo mmoja. Na msilitaje jina jipya kwenye mabango ya mikutano wala kwenye mitandao kabla ya makala kutoka.

Sina kamera, nina simu tu. Je, picha zangu zitakubaliwa? (Bukoba)

Zinaweza kukubaliwa ukijali mwanga na umbali. Usiisogeze simu karibu sana na jino, kwa kuwa lenzi ya karibu huvimbisha sehemu ya katikati; rudi nyuma, iegemeze kwenye kitu kisichotikisika, kisha ukate picha baadaye. Kwa desturi ya fani yetu mwanga hutoka juu kushoto, na mwanga wa dirishani wakati wa asubuhi unafaa kuliko wa taa ya simu yenyewe, ambao hufuta mikunjo yote ya enameli. Weka kitambaa cheusi chini, na rula iwe katika kimo kilekile cha uso unaoupiga picha, si mezani chini ya jino, la sivyo kipimo chako kitadanganya.

Baadaye chora mstari wa kipimio ndani ya picha. Usiandike kwamba picha imekuzwa mara mbili, kwa sababu ukubwa hubadilika kila inapofunguliwa kwenye skrini nyingine. Majarida mengi hutaka nukta 300 kwa inchi katika ukubwa wa kuchapishwa, maana yake picha ya upana wa milimita 175 inahitaji takribani pikseli 2,070. Michoro ya mistari hudai zaidi, kuanzia nukta 600. Gego lionyeshwe upande wa kutafunia, wa shavuni na wa ulimini, na pande zote ziwe katika kipimio kimoja.

Je, niandike majira ya nukta kamili (latitudo na longitudo) ya mahali tulipochimba? (Geita)

Yaweke makumbusho, na katika makala taja wilaya, bonde na tabaka. Andika kwamba mtafiti anayestahili atapewa majira kamili akiyaomba. Wahariri wengi wanaelewa kwamba eneo lililo wazi linaweza kuvamiwa.

Nimepokea barua pepe ya jarida linalosifu utafiti wangu na kuahidi kuuchapisha ndani ya wiki moja kwa ada. Nikubali? (Nansio, Ukerewe)

Usikubali. Makala ya visukuku haiwezi kuhakikiwa kwa uaminifu ndani ya wiki moja. Pitia marejeo yako mwenyewe uone kazi unazozitegemea zilichapishwa wapi, kwani huko ndiko wasomaji wako waliko. Palaeontologia Electronica, iliyoanza mwaka 1998, haimtozi mwandishi ada na kila mtu huisoma bure. Palaeontologia Africana ya Johannesburg imekuwapo tangu mwaka 1953, na bara letu ndilo shamba lake. Majarida yanayotoza ada mara nyingi hutoa msamaha kwa waandishi wa nchi kama yetu, lakini soma masharti na uombe kabla ya kuwasilisha. Mswada uende kwa jarida moja tu kwa wakati mmoja.

Mhakiki mmoja amekubali kazi yangu. Wa pili anasema mnyama ninayemwita spishi mpya kwa taya yake ni mtoto wa spishi inayojulikana. Nimeumia sana. Nimjibuje? (Kisumu)

Pole, ndugu yangu. Usijibu leo. Kesho nakili kila hoja yake kama ilivyo, na chini ya kila moja andika umebadilisha nini na katika mstari upi, au kwa nini hukubadilisha. Shukrani ndefu hazihitajiki, na hasira haitakusaidia kwa mhariri.

Kuhusu umri wa mnyama, mhakiki ameuliza swali ambalo mfupa wenyewe unaweza kulijibu. Angalia kama meno ya utotoni bado yapo, kama gego la mwisho limeshatoka na kuanza kulika, na kama ncha za mifupa mirefu zimeshikana na sehemu ya kati. Ukikuta amekomaa, piga picha sehemu hizo, ziongeze kwenye mswada, na hoja yako itakuwa imara kuliko ilivyokuwa. Ukikuta ni mtoto kweli, liondoe jina jipya na uichapishe taya hiyo chini ya spishi anayoitaja mhakiki, kwa kuwa taya za watoto ni chache na ulinganisho wako wa meno utawafaa wengine. Kwanza mwandikie mhariri umwombe wiki sita zaidi, kisha upande basi la Nairobi ukaifungue droo ya makumbusho tena.