Jibu: Ngome ya kifalme karibu na Paris, bila gari

Habari mkuu. Umesema una nusu siku Paris, huna gari, na unataka ngome halisi ya enzi za kati. Nenda Vincennes. Panda metro namba 1 hadi mwisho wake mashariki. Ukitoka kituoni, ngome hiyo mbele yako.

Kwanza hakikisha saa ya mwisho ya kuingia. Kisha anza na mnara wa Charles V, mfalme wa Ufaransa, wa mita kama 50. Kanisa lililoanzishwa mwaka 1379 litakusubiri. Mnarani panda taratibu, ngazi ni za mzunguko. Kagua kuta kwa karibu: wafungwa walichora humo. Mwanafalsafa Mfaransa Diderot alifungwa hapo 1749, na mfalme Henry V wa Uingereza alifia ngomeni humo 1422. Mimi ningeiacha Versailles, lile kasri maarufu la wafalme, safari hii.