Mafungu ya maneno kwenye tasnifu: kusanya ya fani yako

Ndugu, umeuliza kama ukariri ile orodha ya "maneno ya kitaaluma" inayozunguka WhatsApp, maana msimamizi amekwambia tasnifu yako ya isimu haisomeki kitaaluma. Usiikariri. Mimi niliandika yangu ya isimu hapa Kampala, na siku hizi nawapitia wenzangu rasimu za isimu, fasihi na elimu. Ni fani jirani kabisa, lakini mafungu wanayoyarudia, yaani maneno yanayojirudia pamoja kwa mpangilio uleule, hayafanani.

Wa elimu ataandika "wahojiwa walieleza kuwa". Wa fasihi, "kupitia mhusika huyu mwandishi anaonyesha". Wa isimu hawezi kwenda mbali bila "kama inavyoonekana katika mfano wa". Kuna rasimu ya isimu niliyoisoma ikisema "data inatuchorea kiambishi hiki". Kiswahili chenyewe hakina kosa, ila msomaji wa isimu anakwama hapo hapo: alitaka aelekezwe kwenye mfano namba fulani auone mwenyewe.

Kwenye Kiingereza ni vivyo hivyo. Mwaka 2008 Ken Hyland, mtafiti wa Kiingereza cha kitaaluma, alilinganisha mafungu ya maneno manne manne katika uhandisi wa umeme, biolojia, biashara na isimu tumizi. Zaidi ya nusu ya mafungu katika orodha ya kila fani hayakuwemo katika orodha za fani nyingine.

Kwa hiyo kusanya makala za isimu ya Kiswahili, zigeuze ziwe maandishi matupu (faili za .txt), uziingize kwenye AntConc, programu ya bure ya Laurence Anthony. Itakuhesabia mafungu yote. Hapa sasa kuwa makini sana: programu inaona maumbo tu, upatanisho wa kisarufi haiujui. "Utafiti huu unaonyesha kuwa", "tafiti hizi zinaonyesha kuwa" na "matokeo haya yanaonyesha kuwa" kwake ni mafungu matatu. Akitokea mwandishi wa "yanaonesha", tayari ni manne. Hesabu inagawanyika, na fungu linalotumika kuliko yote linaweza kuzama chini. Tafuta *onyesha kuwa, kisha *onesha kuwa, nyota ishike nafasi ya viambishi, halafu ujumlishe. Tena using'ang'anie maneno manne. Kitenzi chetu kimoja kimebeba mengi, anza na mawili au matatu.

Kila fungu utakalopata, lifungue ndani ya makala uone limekaa sehemu gani na linafanya kazi gani: linaeleza lengo, linaelekeza kwenye mfano, au linapunguza makali ya dai. Anza na sehemu ya uchambuzi, ndiyo inayowaangusha wengi. Ukikwama kugeuza faili za PDF, uliza hapa hapa.