Kwa anayeanza kusoma jeshi la Napoleon: fuata barabara, saa na karatasi

Wengi wanaoanza kusoma vita vya Napoleon huchukua orodha ya vikosi, wakakariri nani alikuwa chini ya nani, halafu wakashindwa kueleza kwa nini upande mmoja ulishinda. Orodha hiyo ni ya lazima, lakini haitoshi. Jeshi lililo safarini lisome kwa barabara lililopita, saa lililotumia, na karatasi za amri zilizokwenda na kurudi. Mfano wetu ni Grande Armée, jeshi kuu la Ufaransa, kuanzia 1805.

Anzia chini, kwenye kombania. Kwa agizo la tarehe 18 Februari 1808, batalioni ya askari wa miguu ilipangiwa kombania 6: nne za kawaida, moja ya magrenadia (askari wa kuchaguliwa), na moja ya askari wepesi wa kutangulia mbele na kumchokoza adui. Kila kombania iliandikiwa watu 140. Rejimenti ilikuwa na batalioni 4 za vitani na moja ya bohari, iliyobaki nyuma kufundisha makuruta. Kabla ya agizo hilo batalioni ilikuwa na kombania 9, kwa hiyo usiichukue hesabu ya 1808 ukaipeleka kwenye vita vya Austerlitz vya 1805.

Kosa linalorudiwa kuliko yote ni kuzidisha. Mtu anaona batalioni, anapiga 140 mara 6, anaandika 840. Baada ya wiki kadhaa za kutembea, batalioni nyingi zilikuwa na watu 500 au 600, na nyingine pungufu ya hapo. Tafuta taarifa ya hesabu ya kikosi ya siku zile zile. Ina safu kadhaa: waliopo na silaha mkononi, waliotumwa kazi nyingine, walio hospitalini. Anayepigana ni yule wa safu ya kwanza tu. Ukijumlisha safu zote utapata jeshi ambalo halikuwahi kusimama medani.

Jihadhari pia na vyeo. Kwenye rejimenti ya farasi ya Ufaransa, "brigadier" ni koplo, wala si Brigedia. "Maréchal des logis" ni sajenti. Marshali nayo ilikuwa heshima aliyopewa mtu na Mfalme Mkuu, yaani Napoleon, haikuwa ngazi ya kikosi, ndiyo maana utakuta marshali mmoja anaongoza watu 10,000 na mwingine 40,000.

Rejimenti mbili hivi hufanya brigedi, na brigedi mbili au tatu, pamoja na mizinga yake, hufanya divisheni. Hapa hapana ugumu. Pa kutulia ni kori, yaani jeshi dogo lililokamilika: divisheni mbili hadi nne za miguu, askari wepesi wa farasi, mizinga, wahandisi, na ofisi yake ya unadhimu, yaani ya kupanga na kupeleka amri. Mwaka 1805 zilikuwa 7, chini ya Bernadotte, Marmont, Davout, Soult, Lannes, Ney na Augereau. Nje ya hizo kulikuwa na akiba kubwa ya farasi ya Murat, na Walinzi wa Mfalme Mkuu.

Faida ya kori ni kwamba inaweza kusafiri peke yake kwenye barabara yake, ikikutana na adui mkubwa ikamshika kwa siku nzima hadi jirani afike. Itazame vita ya Auerstedt, Ujerumani, tarehe 14 Oktoba 1806. Davout ana watu kama 27,000 na mizinga 44, mbele yake Waprusia kama 60,000. Asubuhi, ndani ya ukungu, divisheni yake ya Jenerali Gudin inafika kijiji cha Hassenhausen na kubeba pigo lote. Saa kadhaa baadaye divisheni ya Friant inaingia upande wa kulia, kisha ya Morand upande wa kushoto. Wakashinda, kwa gharama ya watu karibu 7,000 waliouawa na kujeruhiwa. Ukiisoma vita hii kwa jumla ya "27,000 dhidi ya 60,000" hutaielewa. Isome saa kwa saa: nani yupo, nani bado yuko barabarani. Waprusia nao waliingia vipande vipande, na hapo ndipo Gudin alipopata pumzi.

Sasa piga hesabu ya barabara mwenyewe. Chukua kori ya watu 30,000, kati yao 25,000 wa miguu, wanatembea wanne wanne, mita moja kwa kila mstari. Hiyo ni zaidi ya kilomita 6 kabla ya nafasi kati ya vikosi. Ongeza magari 200 ya mizinga na risasi, kila moja na farasi wake likichukua mita 15: kilomita 3 nyingine. Weka farasi wa doria, mikokoteni na nafasi za kupumua, utafika kilomita 12 au zaidi. Kwa mwendo wa kilomita 4 kwa saa, mkia unafika saa tatu au zaidi baada ya kichwa, hapo mvua haijanyesha na hakuna daraja lililovunjika. Weka kori mbili barabara moja, na ya nyuma huenda isifyatue risasi siku hiyo.

Halafu mkate. Posho ya askari ilikuwa gramu 750 hivi za mkate kwa siku, na nyama gramu 250 ilipopatikana. Watu 30,000 wanakula tani 22.5 za mkate kila siku. Gari la farasi wanne likibeba tani moja, na bohari iko mwendo wa siku nne, kwenda na kurudi ni siku nane: unahitaji magari 180 na farasi 720 kwa mkate peke yake. Farasi hao nao, kwa kilo 9 hivi za lishe kila mmoja, wanakula zaidi ya tani 6 kwa siku. Ndiyo sababu jeshi hili liliishi kwa kuchukua chakula mashambani, na ndiyo sababu lilitawanyika likitembea na kukusanyika likipigana. Ujerumani kusini, wakati wa mavuno, hilo liliwezekana. Urusi mwaka 1812, vijiji viko mbali na farasi wanalishwa majani mabichi, maelfu ya farasi walikufa kabla ya vita kubwa hata moja.

Makao makuu yana sehemu tatu za kutenganisha: nyumba ya Mfalme Mkuu, alikofikiri na kuamua akiwa na ramani zake, unadhimu mkuu chini ya Berthier, na ofisi ya ugavi, iliyokuwa kwa miaka mingi mikononi mwa Daru. Berthier ndiye aliyekuwa Mnadhimu Mkuu, kama JWTZ wanavyolitumia jina hilo. Kazi yake ilikuwa kuchukua maneno ya Napoleon, kuyafanya amri zinazosomeka, na kuyafikisha. Kuamua hakukuwa kwake. Aprili 1809 aliachiwa jeshi kwa muda kule Bavaria. Ujumbe wa telegrafu ya mihimili (ishara za mikono ya mbao juu ya minara) kutoka Paris ulichelewa, barua iliyobeba maelekezo tofauti ikautangulia, na Davout akaachwa Regensburg mbali na wenzake, Waaustria wakisogea.

Kwa hiyo kila amri unayoisoma iandikie saa tatu: ilipoandikwa, ilipopokelewa, ilipotekelezwa. Anza na usiku wa kuamkia Auerstedt. Amri iliyomfikia Davout ilisema kwamba ikiwa Bernadotte bado yuko naye, wanaweza kwenda pamoja, ila Mfalme Mkuu anatumaini kuwa Bernadotte ameshafika mji wa Dornburg. Bernadotte akaishika sehemu ya Dornburg, na kori yake haikupigana Auerstedt wala Jena, alikopigana Napoleon mwenyewe siku hiyo hiyo. Ukimaliza hiyo, nenda tarehe 16 Juni 1815, siku mbili kabla ya Waterloo. Kori ya Jenerali D'Erlon, kama watu 20,000, ilikuwa ikienda kwa Ney kule Quatre Bras, ikageuzwa kuelekea Ligny, alikokuwa Napoleon akipigana na Waprusia, kisha Ney akaiita irudi. Jioni ilikuwa haijapigana kokote. Chora jedwali la saa zile tatu kwa kila amri iliyomgusa D'Erlon siku hiyo, weka ramani pembeni, kisha ndipo usome hukumu za waandishi kuhusu nani alikosea.