Kabla ya kuniomba koneksheni ya Ulaya, mtazame Hasebe

Ujumbe huwa unafanana. "Shikamoo kaka, nina miaka 17, nacheza namba kumi, naomba koneksheni ya huko Ujerumani." Inafuata video ya dakika mbili yenye muziki wa juu: kanzu, tobo, mabao matatu kwenye uwanja wa vumbi, kijana anashangilia kwa kuteleza na magoti. Mimi naishi karibu na Frankfurt, jioni nafundisha watoto mpira kwenye klabu ndogo ya mtaa, na huko nyumbani niliwahi kucheza ligi za chini kama kiungo. Hiyo tu imetosha kunifanya balozi. Koneksheni sina. Ninacho ushauri, na huwa nautoa kwa kumtumia mtu mmoja, Mjapani Makoto Hasebe.

Mnaofuatilia mpira wa zamani kidogo mtaniuliza kwa nini si Hidetoshi Nakata, aliyetwaa ubingwa wa Italia na Roma mwaka 2001, au Shinji Kagawa, aliyechukua ubingwa wa Ujerumani mara mbili na Dortmund kabla ya kwenda Manchester United mwaka 2012. Hao ni vipaji vya kutazama na kusifia. Kujifunza kwao ni kazi, kwa sababu alichokuwa nacho Kagawa mguuni hakifundishiki. Hasebe hakuwa na mbio za ajabu, hakuwa mfungaji, hakuwa na mwili wa kutisha. Hata hivyo alidumu Ujerumani kuanzia Januari 2008 hadi alipostaafu Mei 2024, akiwa na miaka 40, na akacheza mechi 384 za Bundesliga, ligi kuu ya Ujerumani. Hakuna mchezaji mwingine kutoka Asia aliyefika hapo. Hata Cha Bum-kun wa Korea Kusini, aliyekuwa kileleni kwa miongo, aliishia 308.

Alizaliwa mwaka 1984 Fujieda, mkoa wa Shizuoka, akasoma Fujieda Higashi, sekondari yenye jina kubwa kwenye mpira. (Japani mpira wa shule una uzito wake. Mashindano ya taifa ya sekondari yanaonyeshwa kwenye televisheni na watu wanajaa uwanjani. Nikiifikiria UMISSETA yetu, michezo ya sekondari Tanzania, roho inauma, ila hiyo ni mada ya siku nyingine.) Mwaka 2002 akaingia Urawa Reds, klabu ya ligi kuu ya Japani. Pale alikuwa kiungo wa kushambulia hasa: anapokea mpira katikati, anageuka, anaondoka nao kuelekea langoni. Mwaka 2004 aliingia kwenye kikosi bora cha msimu, mwaka 2006 Urawa wakachukua ubingwa wa ligi, mwaka 2007 wakawa mabingwa wa Asia. Alipopanda ndege kwenda klabu ya Wolfsburg, Ujerumani, alikuwa anatimiza miaka 24, ameshashinda alichoweza kushinda nyumbani.

Hapa namsimamisha kijana wangu wa miaka 17. Dogo, hujachelewa. Kanuni za FIFA zenyewe zinakataza uhamisho wa kimataifa wa mchezaji aliye chini ya miaka 18, isipokuwa katika mazingira machache, kwa mfano wazazi wakihamia nchi nyingine kwa sababu zisizohusu mpira. Kwa hiyo mtu akikwambia ana timu ya Ulaya inakusubiri leo, na wewe una miaka 16 na mama yako yuko Temeke, huyo ana shida na pesa ya mama yako. Tumia hiyo miaka kuwa mtu wa lazima kwenye timu yako ya sasa.

Turudi Wolfsburg. Kocha alikuwa Felix Magath, mtu ambaye mazoezi yake wachezaji wa Ujerumani wanayasimulia mpaka leo kama watu wanaosimulia jeshi. Alijengewa hata kilima kwenye uwanja wa mazoezi ili watu wakipande mbio. Msimu wa 2008/09 timu ile ikawa bingwa wa Ujerumani, Grafite akifunga mabao 28 na Edin Džeko 26. Nyuma yao, kwenye kiti cha mchezesha timu, alikaa Zvjezdan Misimović. Namba kumi ilikuwa na mwenyewe.

Sasa fikiria wewe ni Hasebe. Umetoka kwenu ukiwa nyota wa katikati, umefika ugenini, nafasi yako ina mtu ambaye hatoki. Alichofanya ni kucheza pale alipopangwa. Akaenda winga ya kulia. Akarudi katikati kukaba. Akacheza namba mbili, beki wa kulia. Na Septemba 2011, ugenini Hoffenheim, kipa wa Wolfsburg Marwin Hitz akalambwa kadi nyekundu wakati wachezaji wote wa akiba wameshatumika, Hasebe akavaa glavu akaingia golini. Alifungwa bao moja. Picha zake akiwa amevaa jezi ya kipa iliyompwaya zipo mtandaoni, zitafute ucheke, kisha ujiulize wangapi kwenye timu yako wangekubali.

Nisikudanganye kwamba alifurahia yote. Alitamani kucheza katikati, na kiangazi cha mwaka 2012 alitaka kuondoka. Uhamisho haukutokea, Magath akamweka kando kabisa, na kwa wiki kadhaa mwanzoni mwa msimu nahodha wa timu ya taifa ya Japani hakuwamo hata benchi. Kipindi kama hicho ndicho kinachowarudisha wengi nyumbani. Simu inakuwa nzito kupokea kwa sababu kila anayepiga anauliza mbona haujapangwa. Oktoba Magath akaondolewa, kocha wa muda Lorenz-Günther Köstner akamrudisha kikosini, na Hasebe akaanza kucheza tena, upande wa kulia, nafasi ileile asiyoipenda. Alikuwa tayari kimwili siku alipoitwa. Mtu aliyekaa nje akinung'unika huwa hayuko tayari. Nimeona hilo hata kwenye timu ya watoto wa miaka 13.

Mwaka 2013 akahamia Nürnberg, akaumia goti, timu ikashuka daraja. Kwa kijana wa leo hapo ndipo kurasa za mitandao zingeandika "amekwisha". Alikuwa na miaka 30 alipotua Eintracht Frankfurt mwaka 2014, na kazi iliyomjengea heshima hapa mjini ilikuwa bado hajaianza.

Kocha Niko Kovač aliichukua Frankfurt mwaka 2016 ikiwa inaelekea shimoni. Walibaki kwenye ligi kwa mechi za mchujo, tena dhidi ya Nürnberg hao hao. Msimu uliofuata akamrudisha Hasebe nyuma, katikati ya mabeki watatu, acheze libero, yaani beki huru anayeongoza ulinzi. Nafasi ambayo wengi waliiona ya kizamani ikapata mtu wake. Mtazame anavyoifanya. Siku nilipokaa jukwaani nyuma ya lango niliacha kufuata mpira nikamfuata yeye peke yake kwa kipindi kizima. Mikono yake ilikuwa inafanya kazi kuliko miguu. Kabla pasi ya adui haijapigwa ameshamnyooshea kidole beki wa kushoto asogee ndani, ameshamgusa kiungo begani ashuke hatua mbili. Mpira ukija, unamkuta amesimama njiani kama aliyeambiwa utapita hapo. Anaupokea, anainua kichwa, anapiga pasi ya mita kumi kwa mwenzake aliye huru. Hakuna aliyepiga makofi. Ule ubunifu wa namba kumi wa Urawa ulikuwa haujafa. Ulikuwa umehamia mita 60 nyuma, ukiona uwanja mzima.

Mei 2018 Frankfurt wakaifunga Bayern 3-1 fainali ya Kombe la Ujerumani jijini Berlin. Mei 2022, jijini Sevilla, Hispania, fainali ya Europa League, kombe la pili kwa ukubwa la klabu za Ulaya, dhidi ya Rangers ya Scotland, beki Tuta akateleza, Rangers wakafunga, Tuta akatoka ameumia. Aliyeinuliwa benchi ni Hasebe, miaka 38. Frankfurt wakasawazisha, wakashinda kwa penalti. Hapa mjini usiku ule hakuna aliyelala, pamoja na sisi tusiokuwa na damu ya Eintracht.

Timu ya taifa ya Japani aliichezea mechi 114. Alipewa kitambaa cha unahodha muda mfupi kabla ya Kombe la Dunia la 2010 Afrika Kusini, akiwaruka wakubwa zake kwa umri, akakivaa Kombe la Dunia mara tatu, pamoja na ule usiku wa Rostov, Urusi, mwaka 2018 walipoongoza 2-0 dhidi ya Ubelgiji wakapoteza 3-2. Katika miaka hiyo wenzake Keisuke Honda na Kagawa ndio waliokuwa kwenye mabango.

Basi ushauri wangu kwa wenye ndoto ya kucheza nje ni huu: jifunze nafasi ya pili, na uijifunze sasa, ukiwa nyumbani. Kwetu mtoto akiulizwa "unacheza namba ngapi?" anajibu kana kwamba anataja kabila lake. Namba kumi, basi. Ukimpanga namba tatu, beki wa kushoto, anavua jezi. Wakati huo huo tunamheshimu kiraka kama Erasto Nyoni, aliyecheza karibu kila mahali pale Simba na Taifa Stars, lakini hakuna mzazi anayeniambia anataka mwanawe awe kiraka.

Mimi mwenyewe nilipojiunga na timu ya ridhaa hapa, kocha aliniuliza swali moja tu: mguu upi? Nikasema naweza yote miwili. Jumapili iliyofuata nikajikuta beki wa kushoto, Novemba, matope hadi kwenye vifundo, winga wa upande wa pili ana mapaja kama magogo. Sijawahi kucheza huko. Ila nyumbani mwalimu wetu wa zamani alikuwa na tabia ya kutubadilisha namba kila mazoezi ya Alhamisi, tukimchukia kweli, na mwili ukakumbuka pa kusimama. Nilibaki kwenye kikosi. Namba kumi wa timu ile alikuwa mtoto wa mwenyekiti wa klabu, kwa hiyo ningesubiri sana.

Kilichonishinda siku ile kilikuwa lugha. Wenzangu walikuwa wananipigia kelele "Hintermann!", maana yake una mtu mgongoni, na mimi nageuka moja kwa moja kwenye mdomo wa mamba. Mwingine anapiga kelele "Leo!", nikadhani anamwita mtu aitwaye Leo. Kumbe kwenye mpira wa ridhaa wa huku ni kusema uache huo, ni wangu. Dakika 90 hakuna mkalimani. Hasebe alijifunza Kijerumani mpaka anajibu maswali ya waandishi kwa lugha yao, na libero asiyeweza kuamrisha kwa lugha ya wenzake hana kazi. Ukiwa Dar kuna Goethe-Institut, taasisi inayofundisha Kijerumani, Nairobi ipo pia. Kozi ya mwanzo ina gharama, sikatai, lakini ni ndogo kuliko hela ambazo vijana wanazipeleka kwa "wakala" aliyewapata Facebook.

Na kuhusu hao mawakala niseme kwa kifupi kwa sababu nimechoka. Wakala wa wachezaji anatakiwa kuwa na leseni ya FIFA, na jina lake unaweza kulitafuta kwenye tovuti ya FIFA. Barua ya mwaliko wa majaribio, ipigie klabu yenyewe simu kwa namba uliyoitoa kwenye tovuti yao, si ile iliyo kwenye barua. Umri wako wa kwenye pasipoti uwe ule uliozaliwa nao.

Usidharau ngazi za katikati pia. Mbwana Samatta alitoka Simba akaenda TP Mazembe Lubumbashi, akachukua ubingwa wa Afrika 2015, ndipo Genk ya Ubelgiji wakamchukua Januari 2016. Mwaka 2019 alipotwaa ubingwa wa Ubelgiji, winga mmoja wa timu ile alikuwa Mjapani Junya Ito, aliyetokea Kashiwa Reysol ya kwao Japani. Wajapani wengi sasa wanapitia Ubelgiji kwanza, wanacheza kila wiki, ndipo wanapanda. Wataru Endo alipitia Sint-Truiden na Stuttgart, akafika Liverpool akiwa na miaka 30.

Kwa hiyo video zenu nitaendelea kuzipokea, maana siwezi kuzizuia. Ila toeni muziki. Nitumie mechi nzima, kamera ikiwa mbali kiasi cha kuona wachezaji wengine, na uniambie dakika ipi timu yako ilipoteza mpira ili nione ulikimbilia wapi. Ukiwa na mechi nyingine uliyopangwa nafasi usiyoipenda, nitaanza na hiyo.